Utangulizi: Darasa Linalosikiliza kwa Macho

Kitabu hiki ni cha mwalimu wa sekondari aliye tayari kufundisha Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT), na cha mwanafunzi atakayekaa mbele yake. Nimekiandika nikiwafikiria vijana wa Binza na wa mkoa mzima wa Simiyu, kuanzia Bariadi na Maswa hadi Meatu, Itilima na Busega. Ninachokiamini nakisema mapema: ukiifundisha LAT kama lugha kamili, yenye sarufi yake na watu wake, utaonja furaha ambayo masomo machache humpa mwalimu. Ukiifundisha kama orodha ya alama za kukariri, wewe na wanafunzi wako mtachoka kabla muhula haujaisha.

Furaha hiyo ina sababu. Katika masomo mengi mwanafunzi wa dawati la nyuma anaweza kutikisa kichwa kana kwamba ameelewa, kumbe hajaelewa chochote. Hapa hana pa kujificha. Mikono yake inajibu, uso wake unajibu, na mwalimu anaona papo hapo nani yuko pamoja naye na nani amebaki njiani. Aliyezoea kuwa wa mwisho katika hesabu huweza kuwa wa kwanza, na yule mpole asiyenyoosha mkono hata siku moja huanza kusimulia.

Kijana wa Binza analijia somo hili akiwa na mtaji ambao hajui kwamba anao. Wengi wamekulia katika Kisukuma, wakasomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza kikawapokea kwa Kiingereza. Wanajua hali ya kukaa darasani huku maneno yanapita juu ya kichwa, na wanajua uchungu wa kuonekana mzito wa akili kwa sababu tu lugha ya mwalimu si yako. Kwa hiyo ukiwaeleza maisha ya mtoto kiziwi katika shule isiyo na alama, huhitaji kuwahubiria. Wanaelewa.

Sasa, lugha yenyewe ni nini? Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, wala si lugha moja ya viziwi wote duniani. Kenya ina yake, Uganda ina yake, nasi tuna yetu. Kwa muda mrefu wataalamu waliziita lugha hizi ishara tu, mpaka mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Gallaudet kule Washington, alipoonyesha kwamba kila alama imejengwa kwa vipande vidogo: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Waliomfuata waliongeza mwelekeo wa kiganja na kazi ya uso. Badilisha kipande kimoja tu na maana inaweza kubadilika, kama “pata” inavyokuwa “pita” kwa kubadili irabu moja.

Tuingie darasani tuone. Madawati yamesogezwa yakawa nusu duara, maana anayekaa nyuma ya mwenzake haoni mikono. Mwalimu hasimami dirishani, kwa kuwa mwanga ukitoka mgongoni mwake uso wake unaingia gizani. Akitaka wamtazame anapunga mkono, au anapiga dawati kwa kiganja ili mtetemo uwafikie. Somo la leo ni kitenzi cha kupa. Anaelekeza kidole upande wa kulia: pale amemweka bibi. Anaelekeza kushoto: pale yuko mjukuu. Nafasi zile ni tupu, lakini kuanzia sasa zina wenyewe. Mkono ukitoka kulia kwenda kushoto, bibi amempa mjukuu. Ukitoka kushoto kurudi kulia, mjukuu amempa bibi. Kiswahili husema “amempa” kwa hali zote mbili na kulazimika kutaja majina ili tujue nani ni nani. Mkono haulazimiki, kwa sababu mwendo wenyewe umebeba mtendaji na mtendewa.

Kisha mwalimu anarudia sentensi ile ile, safari hii nyusi zikiwa zimeinuka, na hapo amekwisha kuuliza swali. Katika lugha nyingi za alama uso hufanya kazi ambayo kiimbo hufanya katika usemi. Mvulana mmoja anajaribu, anasahau upande alikomweka bibi, na mjukuu anajikuta amejipa zawadi mwenyewe. Darasa zima limeona kosa kabla hajamaliza, na wanamrekebisha kwa mikono, bila neno. Saa hiyo wanafunzi hao wanafanya isimu, ingawa hakuna aliyewaambia.

Usifikiri kwamba raha hii ilipatikana kwa urahisi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba watoto wafundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, alama ziachwe. Karibu wote waliopiga kura walikuwa wanaosikia. Uamuzi ule uliongoza shule nyingi kwa miongo mingi, na watoto waliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Kwetu, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na ya Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Bwenini na uwanjani, watoto walikuza alama zao wenyewe, na ndiyo sababu kiziwi aliyesomea Tabora na aliyesomea Mwanga huweza kutofautiana katika alama za vitu vya kawaida. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichozaliwa miaka ya 1980, kimefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watumiaji hao. Mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, na taaluma ya lugha hii ikapata kitabu cha rejea.

Kwa nini basi tuwafundishe vijana wanaosikia? Jibu liko nyumbani. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengine hupoteza usikivu wakiwa wadogo kwa surua au homa ya uti wa mgongo. Lugha yao ya kwanza haiwezi kutoka kwa mama kama mama haijui. Lakini mwanafunzi wa sekondari ni dada wa mtu na jirani wa mtu. Akirudi nyumbani jioni, mtoto wa miaka minne ambaye hakuwa na wa kuzungumza naye amempata mmoja. Umri wao nao unasaidia. Vijana wa Usukumani wamekua wakitazama mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu baada ya mavuno, na hawaoni ajabu mwili kusema mbele ya watu. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha tofauti: mchezaji ngoma hubuni madoido apendavyo, lakini mtumia alama anafuata sarufi.

Nashauri jambo moja bila kusita. Mwalimu wa kwanza wa somo hili awe kiziwi mwenyewe, alipwe kama mwalimu, na aitwe mwalimu. Mwalimu anayesikia akae pembeni yake, apange ratiba, aeleze sarufi na aendelee kujifunza. Wanafunzi wanahitaji kumwona mtu mzima kiziwi akiwa na mamlaka darasani. Hata majina yao ya alama wapewe naye, kwa kuwa kwa desturi jina la alama hutolewa na jamii ya viziwi.

Milango ya nje nayo inafunguka. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria huhitaji watu wa kuitekeleza: muuguzi wa zahanati, karani wa mahakama, afisa kilimo anayezungumza na mkulima kiziwi wa pamba. Watu hao leo wako Kidato cha Pili.

Na bado taaluma hii ni changa, jambo linalonifurahisha kuliko yote. Viziwi wa vijijini ambao hawakufika shule wana alama za nyumbani walizozitunga na ndugu zao. Wanaonyeshaje dengu, choroko, mnada, masika? Je, alama za familia moja zinafanana na za familia ya kijiji cha pili? Maswali haya hayahitaji maabara. Yanahitaji kijana mwenye adabu, anayeomba ruhusa kabla ya kuuliza, anayeandika kwa makini, na asiyemsahihisha mwenye lugha. Sura ya mwisho inaonyesha namna ya kuanza daftari la kuandikia alama hizo. Mwalimu, usingoje umalize sura zote. Tafuta kwanza mtu kiziwi anayeishi jirani na shule yako, mkaribishe darasani, na mpange naye kipindi cha kwanza.