Wazee wa Sachangwan: Imani, Makao na Afya ya Akili (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulieleza kwamba sonona ni ugonjwa, wala si sehemu ya uzee. Leo twende Sachangwan, kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka hapo. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Wengine waliungua wasitambulike, wakazikwa katika kaburi la pamoja huko huko. Mwaka mmoja tu kabla yake, eneo hilo la Molo lilikuwa limeteketezwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Mzazi aliyekuwa na miaka 55 wakati wa moto ule sasa amepita 70. Huenda hana kaburi la mwanawe peke yake la kupalilia, na malori yangali yakiteremka karibu na nyumba yake usiku kucha. Mtu kama huyo haambiwi asahau, maana barabara yenyewe humkumbusha.

Wengi wa wazee hawa hutegemea sala, na inawafaa. Lakini si kila namna ya kuamini inaponya. Mwaka 2001, mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa wazee kwa miaka miwili. Waliojiona wameachwa na Mungu, au walioamini kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Basi mhubiri anayeuita moto ule adhabu kwa waliochota mafuta, mbele ya wazazi wao, anawadhuru.

Halafu kuna baridi, matope na miguu isiyopanda tena mlima. Mzee asiyefika kanisani hukosa ibada, na hukosa pia watu wa kumuuliza amelalaje. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, zinazosali nyumba kwa nyumba, zinalipunguza pengo hilo. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa fedha za serikali, kila mwezi humsaidia kununua unga, lakini haziketi naye.

Nawasihi wachungaji, makatekista na wahudumu wa afya ya jamii: pangeni pamoja ziara za kuwatembelea wazee nyumbani. Mkimkuta mzee halali, hali, au anasema amechoka kuishi, msiishie kwenye maombi. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.