Samaki wa Kioo na Chakula Kingi

Wengi hudhani kwamba samaki afugwaye katika tangi la kioo hunawiri kwa kulishwa sana. La, hasha! Mtazameni Tropheus, samaki mdogo wa mawe ya Ziwa Tanganyika, ambaye Pierre Brichard alimpeleka ng'ambo kutoka hapa Bujumbura katika miaka ya 1970. Kutwa hukwangua mwani mawe, na utumbo wake ni mrefu kupita mwili mara kadhaa, maana mwani hauna shibe kubwa. Akijazwa nyama na minyoo, mara nyingi huvimba tumbo, huacha kula, akafa.

Tena chakula kisicholiwa huoza. Uozo hula hewa ya majini na kutoa amonia, na katika maji yenye magadi, kama ya ziwa letu, amonia huwa sumu kali zaidi. Ziwani, penye kina cha mita 1,470, taka hupotea. Katika lita 100 hazina pa kwenda.

Basi mpe anachokimaliza kwa dakika mbili. Samaki hapashi mwili wake moto kama sisi, hivyo akiba yake hudumu. Aliye mkubwa hadhuriki kwa siku moja bila kula. Akikukimbilia kiooni, si lazima iwe njaa: ameuzoea mkono wako.