Ndege Kubwa Hupimwa kwa Pengo Lililo Nyuma Yake

Upande wa mashariki wa uwanja wa ndege wa Heathrow, London, karibu na kituo cha treni cha Hatton Cross, kuna mtaa mdogo wa makazi uitwao Myrtle Avenue. Penye nyasi mwishoni mwa mtaa huo ndipo wapenzi wa ndege hukusanyika na kamera zao, hasa upepo unapovuma kutoka magharibi na ndege zikawa zinatua kwa kutokea mashariki. Ndege za kawaida hupita bila mtu kushtuka. Ikitokeza Airbus A380, kamera zote huinuka, na si bure: ina urefu wa mita 72.7, mabawa ya karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha, magurudumu 22, na inaweza kuruka ikiwa na uzito wa tani 575. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini viwanja vilivyojaa kama Heathrow na Dubai vinaendelea kuitumia, ilhali kiwanda kimeshaacha kuiunda, asiishie kuitazama yenyewe. Atazame pengo linaloachwa kati yake na ndege inayoifuata.

Jicho peke yake si shahidi wa kutegemewa hapa. A380 inapokaribia kutua huonekana kana kwamba inaelea, na watazamaji wengi huapa kwamba inakwenda polepole kuliko nyingine. Kwa kweli hutua kwa mwendo wa kilomita 250 hivi kwa saa, ambao ni karibu sawa na wa A320, ndege ya njia moja ya kati inayobeba abiria 180 hivi. Mwendo huo ni kama mita 70 kwa sekunde. A320 yenye urefu usiofika mita 38 hupita urefu wake wote kwa nusu sekunde. A380 huhitaji sekunde nzima. Ubongo hupima mwendo kwa kulinganisha na umbo la kitu, ndiyo maana kitu kikubwa huonekana kama kinakwenda polepole. Mwanasaikolojia wa Marekani Herschel Leibowitz alieleza jambo hilohilo mwaka 1985 alipochunguza kwa nini madereva hukosea kukadiria mwendo wa treni kwenye makutano ya reli na barabara. Basi jicho linatudanganya kuhusu mwendo, na pia linatuficha gharama ya kuubeba mzigo ule hewani.

Gharama hiyo iko kwenye ncha za mabawa. Bawa hubeba ndege kwa sababu shinikizo la hewa chini yake ni kubwa kuliko la juu. Kwenye ncha, hewa ya chini hukimbilia juu na kujizungusha, na nyuma ya kila ndege hubaki vimbunga viwili vilivyolala, ambavyo hushuka taratibu na kusukumwa na upepo. Kadiri ndege inavyokuwa nzito na kwenda polepole ndivyo vinavyokuwa na nguvu. Siku ya utulivu, aliyesimama chini ya njia ya kutua huweza kuvisikia: ndege imeshapita, kisha sekunde kadhaa baadaye hewa juu ya kichwa inapiga mluzi na kuchanika. Heathrow ina hata mpango wa kukarabati mapaa ya majirani ambayo vigae vyake hung'olewa na vimbunga hivyo. Mwenye ngalawa hahitaji kuelezwa zaidi, maana anajua kwamba meli ikishapita bado mawimbi yake hayajapita. Tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabuni, ndege ndogo ya kifahari aina ya Challenger ilipishana na A380 iliyokuwa mita 300 juu yake. Muda mfupi baadaye ilibingirishwa na kupoteza zaidi ya mita 2,500 kabla marubani hawajaidhibiti, na haikutengenezwa tena.

Ndiyo sababu waongoza ndege huacha nafasi. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege ya ukubwa wa kati kama A320 inayoifuata A380 hutakiwa kubaki nyuma kilomita 13, wakati A320 mbili zinaweza kufuatana kwa kilomita 5.5 hivi. Hapa ndipo hesabu inapoanza kusema. Pengo la kilomita 13 ni sawa na nafasi mbili na theluthi za A320, yaani viti kama 420. A380 ya British Airways ina viti 469. Kumbe faida ya jitu lile, likifuatwa na ndege ya kati, ni viti hamsini tu hivi! Likifuatwa na ndege nzito kama Boeing 777, pengo hupungua hadi kati ya kilomita 9 na 11 kutegemea kanuni zinazotumika, na gharama inashuka hadi viti 300 au 360. Likifuatwa na A380 nyingine, hakuna pengo la ziada la vimbunga linalodaiwa. Kwa hiyo ukubwa wa ndege hauleti faida wenyewe. Faida huletwa na mpangilio wa foleni.

Dubai ni ushahidi wa hoja hii. Kati ya A380 zote 251 zilizokabidhiwa, Emirates, shirika la ndege la Dubai, ilichukua 123, na kwa miaka mingi ndege zake za abiria zilikuwa A380 na Boeing 777 tu. Zipo pia Boeing 737 za shirika jingine la hapo, flydubai, lakini uwanja wenye ndege nzito nyingi hivyo huwapa waongoza ndege nafasi kubwa ya kupanga jitu lifuatwe na jitu. Abiria wa Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe anayebadilisha ndege hapo kwenda Ulaya au Marekani husafiri ndani ya hesabu hiyo bila kuiona.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia imeshalipunguza pengo. Ni kweli kwa kiasi. Tangu 2015 Heathrow hupima nafasi kwa muda badala ya umbali pekee, kwa sababu upepo mkali wa mbele hupunguza mwendo wa ndege na pia husambaratisha vimbunga mapema. Viwanja kadhaa vya Ulaya navyo vimeanza kugawa ndege katika makundi sita badala ya manne, na mapengo mengi yamefupishwa. Lakini mabadiliko hayo yanathibitisha hoja badala ya kuivunja: wataalamu wasingehangaikia sekunde chache za pengo kama pengo si mali adimu katika uwanja kama Heathrow, wenye njia mbili tu za kurukia na kutua na kikomo cha ndege kuruka na kutua mara 480,000 kwa mwaka.

Pingamizi zito zaidi ni la soko. Airbus ilitangaza Februari 2019 kwamba itaacha kuunda A380, na ya mwisho ikakabidhiwa Desemba 2021. Je, wanunuzi hawakuwa wameshatoa hukumu? Walitoa, ila katika kesi nyingine. Waliikataa kwa sababu injini nne hunywa mafuta mengi na viti vyote vile ni vigumu kujaza kila siku, huku Boeing 787 na Airbus A350 zenye injini mbili zikiweza kuunganisha miji moja kwa moja. Hukumu hiyo ilihusu tiketi na mafuta, si nafasi ya kutua. Safari ziliporudi baada ya korona, Lufthansa na Etihad zilizirudisha A380 zao kazini mwaka 2023, kwani ndege mpya zilichelewa na nafasi katika viwanja vikubwa hazikuongezeka. Mahali ambapo viti vinajaa na nafasi hazipatikani, jitu bado lina kazi. Mtazamaji anaweza kulikagua hilo mwenyewe: A380 ikishapita, asishushe kamera upesi, bali ahesabu sekunde na kuangalia ni ndege ya aina gani inayotokeza nyuma yake.