Kabla Hujauza Shamba Ukafundishe Kiingereza Ng'ambo

Mwezi uliopita nilirudi Magwagwa. Kwa msomaji wa Pwani ambaye hajafika, hiyo ni wadi ya eneo bunge la Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira, huko kwenye vilima vya majani chai na migomba, karibu na mto Sondu. Nilifundisha kule miaka minne, mtoto wa Mombasa niliyezoea kulala na dirisha wazi, na mwaka wa kwanza wote nilikuwa nikivaa sweta mbili. Safari hii nilikwenda kutoa mkono wa pole kwa familia ya mwalimu mwenzangu.

Nilipokuwa nataka kuondoka, mzee mmoja ninayemjua tangu enzi zile alinishika mkono. "Mwalimu, kaa kidogo. Kijana ana barua. Tusomee vizuri."

Kijana mwenyewe nilimfundisha. Siku hizi naye ni mwalimu, ana diploma ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, na nambari ya TSC anayo. Kazi hana. Alikuwa ameajiriwa na halmashauri ya wazazi kwa elfu nane kwa mwezi, tena zikipatikana. Barua ilikuwa imechapishwa saiba, ina nembo ya rangi: nafasi ya kufundisha Kiingereza mjini Bangkok, Thailand, mshahara baht 60,000, malazi bure, chakula bure, tiketi imelipwa. Baht moja ni kama shilingi nne zetu, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Ajenti alitaka shilingi 150,000 "za kushughulikia karatasi". Mzee alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa robo ekari ya chai.

Sikumcheka, na naomba wewe pia usimcheke. Mwaka 2013 mimi mwenyewe nilimpa ajenti mmoja pale Mombasa shilingi 60,000 ili anipeleke kufundisha Kiingereza Ghuba. Nilikopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha walimu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipofika siku ya kuthibitisha vyeti, nikaulizwa: "Shahada iko wapi?" Sina shahada. Nina diploma, na mpaka leo ni hiyo hiyo. Niliporudi kwa ajenti nikakuta ofisi imekuwa duka la vipodozi. Deni lile nililipa miaka miwili, na mama watoto hakuwahi kunisimanga hata siku moja, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama angenisimanga.

Kwa hivyo nilipoisoma barua ya Magwagwa, jambo la kwanza nililolitafuta ni neno hilo: shahada. Halikuwamo. Barua ilisema tu "awe na Kiingereza kizuri".

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Thailand ni nchi inayohitaji kweli walimu wa Kiingereza, na Waafrika wako wanaofundisha huko kwa halali. Lakini njia yao inajulikana. Shule inakupa barua ya ajira na karatasi zake. Unaomba visa ya kazi, ile wanayoiita Non-B, kabla hujapanda ndege. Ukifika, unatolewa kibali cha kazi. Kisha baraza lao la walimu, Khurusapha, linataka uwe na leseni au ruhusa ya muda, na hata hiyo ruhusa ya muda haitoki bila ya shahada ya kwanza. Mtu anayetoka nchi isiyohesabiwa kuwa ya wazawa wa Kiingereza huombwa pia matokeo ya mtihani wa lugha, kama TOEIC au IELTS. Matokeo ya IELTS yenyewe huhesabiwa miaka miwili tu, kisha unalipa na kuketi tena.

Kijana aliuliza swali ambalo nalo lina haki yake. "Mwalimu, mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mtihani wa nini tena?"

Ndivyo ilivyo. Korea Kusini kwa kawaida hutoa visa ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China kwa jumla hufuata orodha hiyo hiyo. Kenya haimo. Na katika Afrika Kusini yenyewe, wanaozungumza Kiingereza nyumbani hawafiki mtu mmoja kati ya kumi. Mwaka 2023 Uingereza ilipofungua mlango wa leseni ya ualimu kwa nchi nyingine tisa, Ghana, Nigeria na Zimbabwe ziliingia, sisi hatukuingia. Kwa maoni yangu ni dhuluma, na serikali yetu ingepaswa kulipigania jambo hili kwa nguvu ile ile inayotumia kutangaza kazi za ng'ambo. Lakini dhuluma au si dhuluma, afisa wa uhamiaji hasomi safu yangu. Ajenti anayekwambia kwamba wewe utapita bila ya hizo karatasi anajua kitu ambacho hakuambii.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa barua. Kulikuwa na fomu fupi. Umri, usizidi miaka 35. Unajua kutumia kompyuta? Unachapa maneno mangapi kwa dakika?

Nikamuuliza mzee, "Mwalimu wa Kiingereza anaulizwa kasi ya kuchapa ya nini?"

Tangu mwaka 2022 Wizara yetu ya Mambo ya Nje imekuwa ikitoa onyo juu ya kazi bandia za Thailand, Myanmar na Laos. Vijana Wakenya, wengi wao wasomi, waliahidiwa kazi za kuhudumia wateja, za mauzo, za kufundisha Kiingereza. Walipokelewa uwanja wa ndege Bangkok na gari, kama ilivyoahidiwa. Gari likaenda, likaenda, kilomita 500 hivi, mpaka Mae Sot kwenye mpaka, wakavushwa mto Moei usiku wakajikuta Myanmar, ndani ya maboma yenye walinzi wa bunduki. Pasipoti zinachukuliwa. Kazi ni kukaa mbele ya kompyuta saa nyingi kwa siku, kujifanya mpenzi wa mtu aliye Ulaya au Marekani na kumlaghai atume pesa za sarafu za kidijitali. Anayekataa hupigwa, au huambiwa ajikomboe kwa pesa. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa kwenye maboma hayo, Wakenya wakiwemo, na wengi walikaa majuma mpakani wakisubiri namna ya kurudi nyumbani. Kiingereza chao kizuri na vidole vyepesi ndivyo vilivyotafutwa.

Sikusema kwamba barua ile ni ya watu hao. Sijui ni ya nani. Nilichosema ni kwamba barua iliyosema utaingia na visa ya utalii "kisha tutabadilisha ukifika", isiyotaja jina la shule hata moja, na inayouliza kasi ya kuchapa, haistahili robo ekari.

Mzee akaniuliza, "Basi mtu ajuaje ya kweli?"

Nilimwambia kwanza amuulize ajenti jina la shule, kisha wao wenyewe waitafute shule hiyo na kuipigia, kwa nambari waliyoipata wenyewe, siyo ile ya kwenye barua. Pili, ajenti wa kupeleka watu nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Kusajiliwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini asiyesajiliwa maneno yameisha. Shule inayotaka mwalimu humhoji akifundisha, hata kama ni kwa video. Haimhoji kwa ujumbe wa Telegram. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema unajiombea mwenyewe kupitia eCitizen na kutoa alama za vidole kwenye Huduma Centre. Anayetaka elfu ishirini akushughulikie hicho anakufungulia mlango ambao haukufungwa.

Kwa mwenye diploma kama sisi, ukweli ni kwamba milango iliyo wazi iko karibu zaidi kuliko Bangkok. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na walimu wa Kenya wamefanya kazi huko. Sudan Kusini ilichagua Kiingereza ilipopata uhuru mwaka 2011, na shule za binafsi za Juba zimewachukua wengi wetu, ingawa usalama wa kule kila mtu apime mwenyewe na nyumba yake. Ghuba na mpango wa Marekani wa kubadilishana walimu, wa visa ya J-1, hutaka shahada, na Marekani huongeza miaka miwili ya kufundisha darasani.

Na hapa niwachokoze kidogo watu wangu wa Pwani. Tunahangaika kuthibitisha kwamba Kiingereza ni chetu, na Kiswahili, ambacho hakuna wa kutuuliza cheti cha uzawa, tunakiacha. Kuna mpango wa Fulbright unaopeleka vijana Wakenya kwenye vyuo vikuu vya Marekani kusaidia kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, bila ya ajenti. Nao unataka shahada. Kila njia inarudi hapo.

Kwa hivyo hesabu tuliyoifanya na mzee pale uani, nyuma ya karatasi ile ile ya ajenti, ilikuwa ya karo. Vyuo vikuu vyetu vingi humpokea mwenye diploma na kumpunguzia muda, na kuna masomo ya likizo kwa walimu. Bonasi ya chai ya upande ule huwa ndogo kuliko ya Mlima Kenya, na wakulima wanalalamika kila Oktoba, lakini huja kila mwaka, na robo ekari ikishauzwa haiji tena. Mama wa kijana, aliyekuwa kimya muda wote akimenya ndizi, alisema neno moja tu kwa Ekegusii na mzee akakunja karatasi.

Juma lililopita kijana alinipigia simu. Amechukua fomu za chuo, bado hajazijaza, anasema anafikiria. Alimuuliza ajenti jina la shule. Ajenti hakujibu siku mbili, kisha akampigia kumwambia kwamba bei imeshuka, sasa ni 90,000, lakini nafasi inafungwa Ijumaa.