Je, Wajua? Njia ya Haidrojeni Hadi Eldoret

Je, wajua kwamba:

• Haidrojeni haiwi kimiminika mpaka ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Kuipoza tu humeza takribani theluthi ya nishati iliyomo ndani yake.

• Amonia ni haidrojeni iliyofungamanishwa na naitrojeni ya hewani, nayo huwa kimiminika kwenye nyuzi 33 tu chini ya sifuri. Lita moja ya amonia ina gramu 120 hivi za haidrojeni. Lita moja ya haidrojeni kimiminika ina gramu 71.

• Lori lenye mitungi ya chuma iliyoshindiliwa gesi hubeba kilo 300 hadi 400 hivi za haidrojeni. Tangi la tani 30 za amonia lina zaidi ya tani 5. Mzigo ukipandishwa hadi Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, tofauti hiyo hulipwa kwa dizeli.

• Haidrojeni husafirishwa pia ndani ya mafuta yanayofanana na petroli. Mwaka 2020 Japani iliipokea mjini Kawasaki kwa njia hiyo kutoka Brunei. Ila katika tani 30 za mafuta hayo, haidrojeni haifiki tani 2. Malori ya mafuta yanayopakia kwenye depo ya Kenya Pipeline mjini Eldoret kwenda Uganda hushusha shehena yote huko na kurudi matupu; lori la mafuta haya ya haidrojeni lingerudi limejaa mafuta yaliyokwisha kutolewa haidrojeni, yakajazwe upya.

• Kuivunja amonia ili kuitoa haidrojeni hula angalau asilimia 13 ya nishati ya haidrojeni hiyo, na viwandani huwa zaidi. Mkulima wa Moiben, Uasin Gishu, hana haja ya kuivunja: mahindi yake yanataka naitrojeni.

• Tani moja ya amonia inayotengenezwa kwa stima badala ya gesi asilia huhitaji takribani uniti 10,000 za stima. Bei ya uniti ikipanda kwa senti 1 ya dola, gharama ya tani hupanda kwa dola 100.

• Usiku, matumizi ya stima yanaposhuka, sehemu ya mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote.

• Shamba la Kenya Nut, Naivasha, lina mtambo wa nguvu ya jua uliobuniwa kutoa tani 1 ya amonia kwa siku. Tani hiyo ikifanywa mbolea ya CAN, hutoa mifuko 60 hivi ya kilo 50.

• Mwaka 2022 mfuko wa mbolea ya kupandia ulivuka shilingi 6,000. Serikali ikaushusha hadi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023, na Hazina ikabeba pengo.

• Mpango wa Kenya wa haidrojeni, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, unaanza na mbolea ya soko la nyumbani kabla ya kuuza nje.

• Mwaka 2016 Toyota Tsusho ilifungua kiwanda cha kuchanganya mbolea Eldoret. Mashamba yanayohitaji mbolea yako mlangoni.

• Tangi la amonia hutaka shinikizo au baridi, na dereva aliyefunzwa, maana gesi hiyo ni sumu. Mfuko wa CAN hupakiwa kwenye lori lilelile la mahindi. Kwa Uasin Gishu, basi, haidrojeni ya bei nafuu ni ile iliyomaliza kazi yake huko kiwandani.