Gundi Inayokubali Kutoka

Wajukuu zangu, leo sungura na fisi wapumzike. Nawasimulia habari za mto uliowapa mafundi wa vitabu somo.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, Italia. Maji yenye matope na mafuta mazito yakaingia Maktaba ya Taifa, iliyo kando ya mto huohuo. Yalipopungua, vitabu, magazeti na majarida yapatayo milioni moja yalikuwa yamelowa chapachapa. Vijana wakamiminika kutoka nchi nyingi, wakapanga foleni, wakapokezana vitabu mkono kwa mkono kuvitoa topeni. Waitaliano wakawaita malaika wa matope.

Mafundi nao wakaja, na mmoja wao alikuwa Mwingereza Christopher Clarkson. Katika malundo yale akaona jambo: vitabu vya karne nyingi nyuma, vyenye majalada laini ya ngozi, vilivyoshonwa kwa uzi na kutiwa gundi kidogo mno, vilikuwa vimesalimika kuliko vingine vingi. Kumbe anayebeba kitabu ni uzi. Gundi ni msaidizi tu, na akizidisha bidii huharibu.

Haya, nanyi shoneni. Chukua karatasi nane za A4, zikunje pamoja katikati. Umepata kurasa 32. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mawili karibu na ncha. Kata uzi wa pamba wenye urefu mara tatu ya kitabu, uupitishe kwenye kipande cha nta ya nyuki ili usijisokote. Anza kwa ndani, tundu la kati, utokee nje. Ingia tundu la juu. Ukiwa ndani, ruka la kati, teremka hadi la chini, utoke. Kisha rudi uingie la kati. Sasa una ncha mbili ndani: moja iwe upande huu wa ule uzi mrefu, nyingine upande wa pili, ndipo ufunge fundo juu yake. Vuta kwa kufuata mkunjo. Ukiuvuta uzi kuelekea kwako, karatasi itachanika, na hapo usimlaumu babu.

Kurasa zilizochanika ni kazi ya subira zaidi. Selotepu tuiache dukani. Gundi yake hupenya kwenye karatasi na kugeuka manjano, plastiki ikabanduka, doa likabaki. Pika gundi ya unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga, vinne au vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe nzito na kung'aa. Iache ipoe. Tafuta karatasi nyembamba lakini imara, uchane ukanda wake kwa mkono badala ya kuukata kwa mkasi, maana ncha zenye nyuzinyuzi hushika vizuri na hazitengenezi ukingo mkali. Paka gundi kiasi, laza ukanda juu ya mchaniko, weka karatasi ya kuokea juu na chini, kandamiza kwa kitu kizito hadi ikauke.

Uzuri wa gundi hii ni kwamba ukiilowanisha, inakubali kutoka. Fundi atakayekuja baada yako anaweza kuondoa kazi yako na kufanya bora zaidi. Mende nao wanaipenda, nisiwafiche, kwa hiyo kitabu kikae pakavu penye hewa.

Na msahafu wa zamani ulioandikwa kwa mkono, au daftari la mashairi la bibi, usijaribie ufundi. Ufunge kwa kitambaa safi cha pamba, uweke mbali na unyevu na mchwa, kisha waulizeni wataalamu wa nyaraka. Mikono ijifunzie kwenye karatasi tupu: ukiharibu, hasara yako ni karatasi nane.