Je, Wajua? Baiskeli Nne, Gari Moja

Je, wajua kwamba kampuni ya Thule ya Sweden, ambayo jina lake limebandikwa leo kwenye keria za magari kote Ulaya, ilianza kwa mtego wa samaki? Erik Thulin aliianzisha mwaka 1942, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa ya kunasia samaki wa maziwa ya kwao. Keria za juu ya gari zilifuata miaka ya 1960. Kampuni ya Allen ya Marekani nayo hujivunia kwamba Dick Allen ndiye aliyebuni keria ya kwanza ya kufungwa kwenye buti, mwaka 1967. Kamba ya kufungia baiskeli, hata hivyo, haijastaafu. Simama kando ya barabara ya Naivasha Jumamosi asubuhi uone.

Kabla ya kuuliza bei ya keria, zipime baiskeli zako. Panda mizani ya nyumbani mikono mitupu, kisha panda tena ukiwa umeinua baiskeli, utoe uzito wa kwanza. Ya kawaida ya mtu mzima huwa kilo 10 hadi 15. Ile nyeusi ya mzigo, Black Mamba, hupita 20. Ya umeme hufika 25, na betri peke yake huwa kilo mbili unusu hadi nne, ndiyo maana watengenezaji huagiza itolewe na isafiri ndani ya gari. Keria nyepesi za mikanda mara nyingi zimeandikwa kilo 15 kwa kila baiskeli. Hesabu iliyobaki unaiona mwenyewe.

Baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, inayounganishwa Kisumu miongoni mwa miji mingine, ina keria ya nyuma iliyotengenezwa kubeba kilo 100. Kwa uzito tu, inaweza kubeba baiskeli zote za familia yako, lakini yenyewe ni nzito mno kwa keria hizo za mikanda. Shirika hilo lilianza mwaka 2005, baada ya tsunami iliyoipiga Sri Lanka.

Je, wajua paa la gari lako lina kikomo cha uzito? Kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya familia ni kati ya kilo 50 na 100, na humo vinahesabiwa vyuma viwili vya kukatiza paa pamoja na reli ya kila baiskeli, si baiskeli peke yake. Kama gari lilitoka Japani na kitabu chake kimejaa herufi za Kijapani, programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu itakusomea ukurasa huo kwa dakika moja.

Sasa urefu. Gari dogo lenye kimo cha mita 1.5, ukilisimamishia baiskeli juu, linakaribia mita 2.7. Gari kubwa kama Prado linaelekea mita 3. Maegesho mengi ya chini ya majengo yana kibao cha mita 2 na ushei langoni, na dereva aliyerudi kutoka matembezini akiwa na watoto wenye njaa hakisomi. Kinachofuata ni mlio ambao fundi wa bodi anaufahamu vizuri: uma wa mbele wa baiskeli umepinda, reli imeng'oka, na paa limebonyea pale vyuma viliposhikilia. Bima nazo hazina lugha moja juu ya jambo hili, kwa hiyo muulize wakala wako kabla, si baada.

Na mafuta? Mwaka 2016 watafiti wawili wa maabara za Marekani, Yuche Chen na Alan Meier, walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba keria za juu ya magari hula karibu asilimia 1 ya mafuta yote ya magari madogo nchini humo. Kwa gari moja moja, hasara inaweza kufika asilimia 25. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu ya hasara hiyo hutokana na keria tupu, zile ambazo wenyewe wamezisahau juu ya paa tangu likizo iliyopita. Upepo hauulizi kama umebeba kitu. Tena ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Serikali ya Marekani, ikiwashauri madereva juu ya masanduku ya mizigo, husema la paani hupunguza umbali unaopatikana kwa lita moja kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye barabara kuu za mwendo kasi, ilhali la nyuma ya gari hupunguza 1 hadi 5 tu.

Mbona basi timu za Tour de France hubeba baiskeli juu ya paa? Kwa sababu fundi wao ana sekunde chache. Gari likisimama, anaruka chini na kuishusha baiskeli kutoka ubavuni, na ile ya kiongozi wa timu hupangwa ukingoni, upande anaotokea. Petroli si hoja yao, wala hawaingii maegesho ya chini ya jengo la maduka. Wakazi wa Kigali waliyaona magari ya namna hiyo Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Kwa mzazi anayeinua kilo 15 juu ya kichwa chake huku mtoto akimvuta suruali, mimi siishauri keria ya juu kamwe.

Kuna keria za juu zinazotaka gurudumu la mbele litolewe na uma ubanwe kwenye reli. Hizo zimejengwa juu ya wazo la Tullio Campagnolo, Mwitaliano anayesifiwa kwa kubuni mkono wa kufungua gurudumu bila spana. Ila baiskeli nyingi mpya za milimani zina ekseli nene ya milimita 15 inayopenya katikati, na haiingii kwenye taya za zamani bila kipande cha kuunganishia. Beba gurudumu moja hadi dukani, si maelezo ya mdomo.

Tuje nyuma ya gari. Keria ya mikanda ndiyo rahisi kuliko zote, hukunjika ikaingia chini ya kitanda, nayo ndiyo inayoumiza magari mengi zaidi. Kulabu zake zinatakiwa zishike ukingo wa bati. Magari mengi tunayoyapenda yana spoila ya plastiki juu ya kioo cha nyuma, na kulabu ikishika pale, mkanda ukikazwa, plastiki inapasuka hata kabla hujaondoka nyumbani. Pitisha vidole kwenye ukingo wa mlango wa buti: ukisikia bati, endelea, ukisikia plastiki au kioo kitupu, funga pochi. Futa vumbi pia mahali mpira wa keria unapokaa, kwa maana vumbi la murram likisuguliwa na kilo 40 kwa saa mbili hukwangua rangi kama msasa.

Wenye gari linalobeba tairi la spea mlangoni, kama Prado za zamani, wana bahati yao: ipo keria inayofungwa kwenye tairi hilo. Lakini bawaba za mlango zilitengenezwa kubeba tairi. Baiskeli mbili zinatosha.

Je, wajua keria ya Marekani inaweza isiingie kabisa kwenye gari la Nairobi au Dar es Salaam? Kule chuma cha kukokotea tela huwa na tundu la mraba, la inchi 2 au inchi 1 na robo, na keria huchomekwa humo. Mtindo wa Ulaya ni kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 50, na keria hukikumbatia kwa juu. Shemeji aliyeko Texas akiahidi kukuwekea keria kwenye kontena, mtumie kwanza picha ya nyuma ya gari lako. Hata waya wa taa hutofautiana: keria nyingi za Ulaya zina plagi ya pini 13, na soketi za zamani za kuungia tela zina pini 7.

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hufika bila chuma hicho, hivyo hufungwa huku. Hakikisha kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi au kwenye sehemu zenye nguvu za sakafu. Kilichochomelewa kwenye bampa ni pambo.

Keria inayokaa kwenye chuma cha kukokotea ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Baiskeli husimama kwa magurudumu yake kwenye reli, kama ilivyozoea, mtu haiinui zaidi ya usawa wa goti, na keria nyingi za aina hii huinama nyuma ukikanyaga pedeli ili buti lifunguke. Hata hivyo nayo ina kikomo, ambacho ni uzito unaoruhusiwa kukaa juu ya kichwa cha chuma. Magari mengi yameandikiwa kati ya kilo 50 na 100. Tuchukue 75 tufanye hesabu. Baiskeli ya baba kilo 15, ya mama 14, ya binti yenye magurudumu ya inchi 24 kilo 11, ya kitinda mimba kilo 8. Jumla 48. Keria ya baiskeli nne yenyewe tuiweke kilo 20. Tumefika 68, salama. Baba akinunua ya umeme ya kilo 25, tumefika 78 na tumevuka. Akitoa betri ya kilo 3, anarudi 75 kamili, na sasa hakuna nafasi hata ya kikapu.

Mpangilio nao una uzito wake. Kilo 15 zilizokaa sentimita 80 kutoka kwenye kichwa cha chuma hukipinda mara nne ya kilo 15 zilizokaa sentimita 20. Ndiyo maana nzito hutangulia, karibu na gari, na ya mtoto hukaa mwisho kabisa.

Lakini usidhani ya mtoto ndiyo rahisi. Katika keria za kuning'iniza, zenye mikono miwili inayopita chini ya bomba la juu la fremu, baiskeli ya inchi 12 au 16 haina nafasi ya kuipitisha mikono hiyo. Katika zile za reli, magurudumu yake yamekaribiana mno na mikanda haiyafikii. Baiskeli zisizo na bomba la juu, zile wauzaji huziita za kike, nazo zina shida kwenye keria za kuning'iniza. Huuzwa fimbo ya chuma inayounganisha shingo ya usukani na shingo ya kiti ili keria ipate pa kushika. Kwa hiyo ukienda dukani, baiskeli ya kubeba kwa majaribio ni ile ndogo. Ikikaa sawasawa, nyingine nyingi zitakaa.

Fremu za nyuzi za kaboni hazipendi kubanwa. Tafuta keria inayoshika gurudumu. Rimu za kaboni na tairi zisikae mbele ya ekzosi, maana moshi wake una joto la kulainisha vyote viwili. Vua viti vya watoto, chupa na pampu kabla ya kuondoka. Usifunike baiskeli kwa turubai ukiwa barabarani, kwani watengenezaji wengi wanakataza: turubai hushika upepo kama tanga la jahazi.

Je, wajua Uswisi hutoa namba nyekundu ya gari kwa ajili ya keria za nyuma tu, kama za baiskeli? Ujerumani huruhusu nakala ya namba yako isiyo na muhuri. Italia na Hispania hudai kibao cha mistari myekundu na myeupe, sentimita 50 kwa 50, kwa mzigo uliochomoza nyuma. Kwetu mambo ni mafupi zaidi: namba isomeke na taa zionekane. Tairi la baiskeli likining'inia mbele ya namba, umempa askari wa barabarani sababu ya kukusimamisha, na safari hii yuko sahihi.

Mwaka 2006 Opel ilitoa Corsa yenye keria ya baiskeli mbili iliyofichwa ndani ya bampa la nyuma. Unaivuta kama droo ya kabati. Ni wazo zuri ambalo halikuenea, na sielewi kwa nini.

Mpira wa tyubu, rafiki wa kila mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, una kazi yake hapa: kuzuia usukani usizunguke na pedeli zisipige kioo. Kushikilia baiskeli si kazi yake, kwa kuwa hunyooka. Mikanda ya kitambaa nayo hulegea baada ya mtikisiko wa mwanzo, kwa hiyo ukitoka Nairobi, baada ya kuteremka ukingo wa bonde, simama Mai Mahiu uikaze upya. Shika baiskeli ya mwisho uitikise. Gari zima likitikisika nayo, imekaza.

Na mwisho wa safari hiyo? Hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984 karibu na Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Nyati pia wamo, kwa hiyo watoto wasitangulie mbali. Baiskeli za kukodi zinapatikana karibu na lango. Watu wazima wakikodi hapo, za kubeba zimebaki zile mbili za watoto tu, ambazo zikitolewa magurudumu ya mbele aghalabu hulala ndani ya buti la gari kama Fielder bila keria yoyote. Tandika blanketi kuukuu chini, na mnyororo uangalie juu.